Majibu Kwenye Jalada la Dada

Mimi kukaa kitako ni adhabu. Mama aliliona hilo mapema akanibandika jina la Kiguu na Njia, na mpaka leo, nikiwa mke wa mtu na mwenye kazi yangu, akinipigia simu haulizi hujambo, anauliza niko wapi. Basi mtu akiniambia "subiri", ajue amenichokoza.

Siku ile iliyoniambia subiri ilikuwa kompyuta.

Nilikuwa chumba cha nyuma cha duka la miwani, ndiko kwenye kazi yangu. Mbele wanakaa wauzaji na tabasamu zao. Nyuma niko mimi, mashine ya kusaga lenzi, bisibisi nyembamba kama njiti ya kibiriti, na rundo la fremu zilizokaliwa na wenyewe. Lenzi ya mzee mmoja ilikuwa ndiyo kwanza imekaa kwenye mashine, simu ikalia. Alikuwa yule muuguzi wa hospitali anayeratibu mambo ya figo, mwanamke asiyejua kupunguza sauti.

"Wewe mtoaji, mbona unataka kuniua kwa presha? Majibu yako ya mwisho hayamo."

"Nilikutumia jana kwa barua pepe, sista."

"Barua pepe hatupokei tena, mama. Kila kitu kinaingia Kabatini. Weka kile kiendelezi, kiprogramu kidogo tu, kwenye kivinjari chako, kiungo nimekutumia. Ukishakiweka, fungua majibu yako kwenye tovuti ya maabara, bonyeza kitufe, yanakuja yenyewe. Jopo la madaktari linakaa saa nane. Yasipokuwemo, kesi yenu haisomwi leo, na kikao kingine usiniulize ni lini."

Akakata. Kabati lenyewe halina mlango wala kufuli. Ni mfumo wa hospitali wa kutunzia hati mtandaoni, na kila mgonjwa na kila mtoaji ana jalada lake humo. La dada yangu limenenepa. La kwangu lilikuwa bado jembamba.

Dada ndiye mkubwa wangu na hatuna mwingine. Figo zake ziligoma zote mbili, na sasa anaishi kwa mashine: leo anakwenda kusafishwa damu, kesho analala kujiuguza kutokana na kusafishwa kwenyewe, keshokutwa anarudi. Ndizi hali, machungwa hali, maji anapimiwa kwa kikombe cha mtoto. Mama ana presha, kwa hiyo figo ya kumpa dada ilibaki kutafutwa kwangu, na nilipopimwa ikaonekana inamfaa. Ukoo mzima ulikuja kunipongeza kabla sijafungua mdomo. Daktari mmoja ndiye aliyeniuliza kama nimekubali, naye aliuliza huku anaandika, nikaijibu kalamu yake.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu: nilikuwa naogopa mpaka nywele. Nampenda dada yangu, hilo halina mjadala. Lakini usiku nilikuwa najishika ubavu, najiuliza wataingilia wapi.

Tena ilikuwa kinyume cha desturi ya nyumba yetu. Kwetu vitu vilikuwa vinashuka, havipandi. Viatu vya dada vilikuja kwangu vikiwa vimeshajua njia ya shule. Sare yake, godoro lake, vitabu vyake vyenye majibu tayari, vyote vilikuwa vyangu baada yake. Hata kompyuta niliyoitoa kwenye mkoba asubuhi ile ilikuwa yake. Aliniachia aliponunua nyingine. Kila nikiiwasha ilikuwa inanikaribisha kwa jina lake, nami nilikuwa nimeshazoea, hata kuliona sikuliona tena.

Nikazima mashine, nikafuta vumbi la lenzi vidoleni, nikaifungua kompyuta juu ya meza ya kazi katikati ya fremu. Kiungo cha muuguzi kikanipeleka kwenye ukurasa wenye picha ya kikabati cha kijani, na chini yake neno moja: Weka. Nikabonyeza. Kiendelezi kikaja na masharti yake. Kilikuwa kinaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila ninachokiona kwenye kila tovuti ninayoitembelea. Nikacheka peke yangu. Mume wangu wa ndoa hajawahi kuthubutu kuomba ruhusa ya namna hiyo. Nikakiruhusu.

Kimduara kikaanza kuzunguka. Nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi, bado kinazunguka. Nikaenda mbele kumwuliza muuzaji kama mtandao upo. Akasema upo. Nikarudi, nikakuta kinazunguka vilevile, nikatoka tena.

"Una nini leo?" bosi akaniuliza. Ni mtu mpole, amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. "Mbona uko kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Nasubiri kitu kijiweke."

"Si ukisubiri umekaa?"

Sikumjibu, maana angesikia ambalo halimpasi kusikia mwajiri.

Niliporudi kitufe kilikuwa kimetokea, kikabati kidogo cha kijani pale juu kulia. Kikauliza kama kitumie akaunti iliyokwisha kufunguliwa kwenye kivinjari, ili nisihangaike na neno la siri. Nani anapenda kuhangaika na neno la siri? Nikakubali bila hata kumaliza kusoma. Nikafungua tovuti ya maabara, nikaingiza namba ya sampuli yangu, karatasi ikafunguka, nikabonyeza kitufe. Kabati likajibu papo hapo: Imepokelewa.

Nilitegemea roho itulie. Wapi! Nilianza kufikiri kwamba kama kile kimduara kingeendelea kuzunguka mpaka saa nane, kesi isingesomwa, na kosa lingekuwa la mtandao, si langu. Nikajionea haya. Nikawasha mashine, nikairudia lenzi ya mzee, nikakosea kipimo, ikapasuka vipande viwili.

Nilikuwa bado nimeshika vipande dada alipopiga.

"Uko wapi?" akauliza. Ugonjwa wa mama huo, umemwambukiza na yeye.

"Kazini. Nitakuwa wapi?"

"Kaa chini."

"Sikai. Sema."

"Muuguzi kanipigia sasa hivi. Majibu yangu ya juzi yametoka. Mdogo wangu, figo zangu zinafanya kazi! Anasema hajawahi kuona mgonjwa akabadilika hivi. Wamenitoa kwenye kikao cha leo, wanasema mtu mwenye majibu haya hapelekwi kisuni, nikapimwe tena wiki ijayo kuhakikisha tu. Unanisikia? Nimepona! Hukatwi wewe, sikatwi mimi!"

Nyuma yake mama alikuwa anapiga vigelegele kama vya harusi.

Hukatwi wewe. Neno lile lilinishuka mwilini, nikajikuta nimekaa sakafuni, kwenye vumbi la lenzi, nacheka na machozi yananitoka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Furaha ya dada ilikuwa yangu, na juu yake nilikuwa na yangu mwenyewe, ya ubavu wangu kubaki salama. Tulipiga kelele kwenye simu mpaka bosi akachungulia, akaona hali, akarudi zake.

Nilipokata simu nikainua macho kwenye kompyuta. Kikabati cha kijani kilikuwa pale pale kilipokuwa. Kando yake kulikuwa na jina la dada, na chini ya jina, maandishi madogo: hati mpya imeingia kwenye jalada lako leo asubuhi.

Nililisoma jina lile kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuliona. Dada na mimi tulipimwa siku moja, maabara moja, kiti kimoja. Maabara ile haiandiki majina kwenye karatasi, inaandika namba ya sampuli. Jina linatokana na jalada ambamo karatasi imewekwa. Nikalifungua jalada. Hati mpya ilikuwa na namba yangu. Mtu mwenye figo nzuri aliyempendeza muuguzi alikuwa mimi.

Nitasema nililolifikiria, na anayetaka kunihukumu anihukumu. Nilifikiria kuifunga kompyuta na kuendelea na kazi. Wiki moja tu, dada apimwe tena, ukweli ujitokeze wenyewe, mimi sipo. Kiendelezi kipya, kompyuta ya zamani, nani angenilaumu? Na katika hiyo wiki mengi yangeweza kutokea, akapatikana mtoaji mwingine, au mimi nikapata ujasiri uliokuwa unanikimbia.

Halafu nikakumbuka kwamba ile ilikuwa siku yake ya kusafishwa damu. Mtu aliyepona atakwenda kufanya nini kwenye mashine? Nikampigia muuguzi.

Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si tabia yake. Kisha akasema, "Mungu wangu."

"Itoe basi hiyo karatasi, sista."

"Siwezi. Hati ikishaingia jaladani anaitoa mwenye jalada, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake. Aitoe, uiweke kwako, nitawarudisha kwenye kikao. Lakini iwe kabla ya saa nane. Wakishaanza kusoma kesi siwezi kuingiza nyingine."

"Mwambie wewe, nakuomba."

"Mimi ndiye niliyempa habari njema," akasema, na safari hii sauti ilikuwa chini. "Nikimpigia na hii atadhani nimechanganyikiwa. Nenda wewe, mama. Wewe ni damu yake."

Nikampigia dada, simu ikapokelewa na mama. "Kiguu na Njia, njoo ule nyumbani leo! Napika! Nimeshamwambia mama yako mdogo, sasa namtafuta shangazi!" Nikafungua mdomo niseme. Sikuweza. Habari kama ile haisemwi kwenye simu, tena kwa mama mwenye presha akiwa jikoni na kisu mkononi. Nikasema nakuja.

Nikatia kompyuta kwenye mkoba.

"Unakwenda wapi?" bosi akauliza.

"Kwa dada."

"Na lenzi ya mzee?"

"Imepasuka."

Nilimwacha anavua miwani moja na kuvaa nyingine. Kwa dada si mbali, nilikwenda kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia. Nilipita mshona viatu akanisalimu, sikuitika. Nilipita duka la mapazia, nikavuka barabara taa ikiwa haijaniruhusu, dereva akanitukana, nikamtukana na mimi nisimbakishie. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Niliyapanga vizuri kabisa, na kila nikifika kwenye neno "yangu" yote yanavurugika.

Mlango ulikuwa wazi. Kitunguu kilikuwa kinakaanga, na mama jikoni alikuwa na simu yake mwenyewe kwenye sikio moja, akipiga kelele ili shangazi wa mbali asikie. Sebuleni dada alikuwa amekaa kwenye meza ya kulia. Alikuwa amepaka wanja. Mbele yake palikuwa na jagi la maji ya baridi lililotoka jasho, na mkononi alikuwa na glasi ya wageni, ile kubwa.

"Hii ya pili," akaniambia, anacheka. "Nilikuwa nimesahau. Maji yana ladha, unajua? Nyie watu mnakunywa bila hata kujua mnachokunywa."

"Weka chini, dada."

"Nini?"

"Weka glasi chini."

Akadhani namtania, akaipeleka mdomoni. Nikamshika mkono, maji yakamwagika mezani, yakachuruzika mpaka kwenye gauni lake. Akasimama na macho makali.

"Wewe una wazimu? Miaka yote hii napimiwa maji kama kifaranga, leo nimepona unakuja kuninyang'anya glasi?"

Maneno yangu niliyoyapanga yakatawanyika yote. "Yale majibu ni yangu," nikasema. "Si yako. Nimeyapeleka kwenye jalada lako bila kujua. Ile kompyuta ina jina lako, kile kitufe kikafuata jina."

Hakunielewa. Nikarudia. Nikamfungulia kompyuta, nikamwonyesha namba ya sampuli kwenye karatasi, kisha nikamwonyesha kijikaratasi changu cha maabara kwenye pochi. Akazitazama namba hizo moja moja, akifuata kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akakaa.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

"Hata pale muuguzi aliposema hajawahi kuona?"

"Hata pale."

Mama jikoni alikuwa anaendelea, "Ndiyo, wifi yangu, kapona! Nakwambia kapona!"

"Basi una figo nzuri sana," dada akasema.

Tukacheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi, lakini tulicheka mpaka yeye kikamgeuka kilio katikati, bila sauti, wanja unashuka mashavuni. Nikamshika mabega. Alikuwa mwepesi.

"Asubuhi baada ya ile simu nilipanda ngazi za juu kwenda kuanua nguo," akasema. "Sikupumzika hata mara moja. Nilikuwa najisikia mzima kabisa, haki ya Mungu. Nilikuwa nausikia uzima mwilini."

Nikamweleza alilosema muuguzi, kwamba jopo linakaa saa nane na yeye ndiye anayepaswa kuitoa ile karatasi. Akafuta uso kwa kiganja, akavuta kompyuta. Dada yangu ni mtu wa kufanya jambo likishaamuliwa; hata sindano alikuwa anatangulia kunyoosha mkono ili mimi nione haiumi. Akabonyeza Ondoa. Simu yake ikalia, namba ya siri imeingia. Akaiandika tarakimu kwa tarakimu.

Kabati likauliza: Una uhakika? Chini pakawa na Ndiyo na Hapana.

Kidole chake kikasimama hewani. Nikafikiri ameshindwa, nami nisingemlaumu, kwa kuwa ni mtu gani anaombwa kujifutia uzima kwa mkono wake? Lakini alipogeuza uso hakuwa anajitazama yeye.

"Sikukuuliza," akasema.

"Kuniuliza nini?"

"Watu wote walikuambia, hakuna aliyekuuliza. Mimi mwenyewe sikukuuliza, na mimi ndiye nitakayetembea na kitu chako mwilini. Niliogopa utaniambia hapana." Akaisukuma kompyuta ikawa mbele yangu. "Sasa nakuuliza. Ukibonyeza Hapana, halijatokea neno. Leo nitakwenda kusafishwa damu, keshokutwa nitakwenda tena, na wewe utabaki mdogo wangu vilevile. Mama nitamwambia mimi, na wewe sitakutaja."

Nilitaka kumpa jibu la kishujaa. Likatoka la kweli.

"Naogopa, dada. Naogopa kisu, naogopa ile sindano ya usingizi. Na kule dukani, nilipogundua, nilitaka kunyamaza. Nilikaribia kabisa."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Ningekuwa wewe, ningenyamaza." Akavuta pumzi. "Sasa mbona umekuja?"

"Kwa sababu ungelimaliza jagi zima, huna akili wewe!"

Nilisema kwa hasira, tena hasira ya kweli. Sijui kama niliwahi kumsemesha hivyo mkubwa wangu. Hakukasirika. Alilitazama lile jagi, akalitazama lililobaki kwenye glasi, kisha akaisukuma glasi mbali mpaka mkono wake ukafika mwisho. Akakunja mikono mapajani, akasubiri. Hakunihimiza wala hakuniangalia machoni, alinipa nafasi yote.

Swali lilikuwa bado liko kwenye kioo. Saa ya ukutani ilikuwa inaikaribia saa nane, na kwa mara ya kwanza siku ile sikutaka kusimama wala kwenda dirishani. Nilitaka kukaa hapo hapo na kulisoma lile swali mpaka niwe nimelijibu mimi, na si ukoo.

Nikabonyeza Ndiyo.

Karatasi ikatoweka kwenye jalada lake. Nikafunga akaunti yake, nikafungua ya kwangu kwa neno la siri nililolikosea na kulirudia, nikaitafuta karatasi, nikabonyeza kile kitufe cha kijani. Imepokelewa. Dada aliona, akaitikia kwa kichwa, akaanza kukausha maji mezani kwa pindo la gauni lake.

Jikoni mama alikuwa bado hewani. "Bila hata kukatwa, wifi! Wala yeye, wala yule mdogo! Mungu kaniachia watoto wangu wote wawili wazima!"

Nikasimama, nikaenda kumwambia akate simu.